Urithi wa Vipuri: Habari za Pikipiki za Kale za Uingereza

Kila chombo cha chuma huzaliwa na maradhi yake. Mnyororo hulegea, gurudumu la meno huchongoka, bamba za klachi huisha, na gia hupoteza ncha zake. Kiwanda kikiwa hai maradhi hayo ni madogo, maana dawa yake iko dukani. Kiwanda kikifa, mwenye pikipiki hugeuka mtafutaji. Habari za pikipiki za Uingereza zaonyesha jambo hili waziwazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, pikipiki za BSA, Triumph, Norton na Royal Enfield zilisafiri katika mabara yote. Miaka ya 1960 ilileta ushindani mkali wa Japani, na nyumba hizo zikatetereka moja baada ya nyingine. Kiwanda cha Royal Enfield mjini Redditch kilifungwa mwaka 1967. Mwaka 1973 BSA na Triumph ziliunganishwa na Norton katika kampuni ya Norton Villiers Triumph. Lakini kampuni hufa kwa sahihi ya karatasi. Pikipiki hufa kwa kukosa kipande.

Wala vipande vyote havikosekani kwa kiasi kimoja. Mnyororo una bahati njema. Hans Renold aliubuni mnyororo wa vigurudumu mjini Manchester mwaka 1880, na masafa ya pini hata pini yakabaki kuhesabiwa kwa inchi. Hata Wajapani, ambao bolti zao ni za milimita, waliifuata inchi katika minyororo. Kwa hiyo mnyororo uitwao leo 530, wenye masafa ya sehemu 5 za 8 za inchi, hulingana na magurudumu ya pikipiki nyingi kubwa za kale. Sharti ni moja: usifungwe mnyororo mpya juu ya meno makuukuu, kwani kikuukuu hukiharibu kipya.

Gia hazina bahati hiyo. Kila gia yaishi na jirani yake kwa idadi ya meno, kwa umbo na kwa unene wa mhimili, na ya kabila jingine haipokelewi. Hata bolti za sanduku lake zina lugha yake: hesi ya Whitworth, iliyotolewa mwaka 1841, ina pembe ya digrii 55, na ile iliyotoka katika baiskeli ina pembe ya digrii 60. Fundi alazimishaye bolti ya milimita humo huondoka na hasara mbili.

Gia, basi, hutaka mtu aliyehifadhi vipimo. Mnamo Septemba 1973, ilipotangazwa kwamba kiwanda cha Triumph huko Meriden kitafungwa, wafanyakazi wake walikikalia na kuzuia mali isitoke. Mwaka 1975 walianza kukiendesha kwa ushirika, wakadumu mpaka mwaka 1983. Jina la Triumph likanunuliwa na John Bloor, naye akampa Les Harris, mtengenezaji wa vipuri katika Devon, idhini ya kuunda Bonneville ya kale. Harris aliiunda tangu mwaka 1985 hata 1988. Hivyo mtu wa vipuri, aliyedhaniwa kuwa mkia wa biashara, akawa kichwa chake.

Mfano wa pili watoka ng'ambo. Mwaka 1955 kampuni ya Redditch ilishirikiana na Madras Motors kuanzisha Enfield India, ili Bullet ya sentimita za ujazo 350 iundwe Madras. Kwanza vipande vilitoka Uingereza. Baadaye mitambo ya kuvifanya ikavifuata. Redditch ilipozimika, Madras iliendelea, na mwaka 1977 Bullet za Kihindi zikaanza kuuzwa Uingereza. Nchi iliyokuwa chini ya mtawala ikawa ndiyo itunzayo kazi ya mtawala, na mtafutaji wa Kiingereza akapokea kutoka mbali kilichokwisha kwao. Hata hivyo, kufanana si kuwa sawa. Katika miongo mingi Bullet ya Madras ilibadilishwa hapa na pale, na fundi mwenye busara hupima kabla ya kununua.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mashine ni mchoro wake na vipimo vyake. Wafanyakazi wa Meriden walipolinda lango, na mafundi wa Madras walipopokea mitambo ya wengine, hawakuhifadhi chuma tu. Walihifadhi ujuzi wa kukifanya chuma upya. Taifa linunualo mashine bila kuomba mchoro wake limenunua umri wa mashine ile peke yake. Na umri huo hukoma siku jino la mwisho la gia likatikapo.