Nani Anamlisha Mama Mwenye Kulala Hospitali na Mtoto?

Kila asubuhi, mbele ya hospitali kubwa za Lubumbashi, unaona wamama wenye kushika sahani zilizofungwa ndani ya kitambaa. Wanangoja mlango ufunguliwe. Ndani kuna wamama wengine waliolala chini, juu ya mkeka, kando ya kitanda cha mtoto. Hawa ndio tunawaita «garde-malade». Hospitali haiwahesabu: hawana kitanda, hawana chakula. Lakini bila wao mtoto haogeshwi, na hakuna mtu wa kukimbia farmasi usiku akiwa na karatasi ya muganga mkononi. Katika kurasa hizi tunataka kuuliza: zamani, nani alimlisha mama huyu? Na leo ni nani?

Wazee wetu hawakujua hospitali, lakini ugonjwa mrefu wa mtoto waliujua. Mama alimbeba mtoto mpaka kwa mganga, pengine mwendo wa siku mbili, na alikaa katika lupango ya mganga mpaka dawa ziishe. Unga ulimfuata kule. Mdogo wake alibaki na watoto wengine, na shamba lake halikuachwa kwa majani. Kuku au mbuzi wa mganga haikuwa shauri la baba peke yake. Kwa Wasanga na Wabemba, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba aliitwa kati ya wa kwanza. Kwa Waluba wa Katanga, upande wa baba ulikuwa na neno kubwa. Mwalimu mmoja wa Marekani, John Janzen, aliandika kitabu katika 1978 juu ya Wakongo wa upande wa magharibi, na alionyesha jambo hilo hilo: mgonjwa hashiki ugonjwa wake peke yake. Wandugu wanakutana, wanachagua mganga, wanasindikiza, wanalipa.

Tusidanganyane lakini. Mikutano ile ilimalizika mara nyingine kwa kumuonyesha bibi fulani kidole, kwamba yeye ndiye mlozi. Hatuandiki hapa ili turudishe kila kitu cha zamani.

Kisha ikaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa katika 1906. Miaka ya mwanzo ilitafuta wanaume tu, kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa. Kuanzia 1927 na 1928 ilibadilisha njia: mkataba wa miaka mitatu, na mtu aje na bibi yake na watoto. Muganga Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wale walioongoza siasa ile. Kambini mfanyakazi alipata posho, na bibi na watoto walikuwa na sehemu yao. Watoto wadogo walipimwa uzito. Mtoto akiugua sana, hospitali ya kampuni ilimpokea bila baba kutoa franka. Haikuwa huruma tupu: kampuni ilitaka watoto wale wawe wafanyakazi wa kesho, na Mottoulle mwenyewe hakuficha jambo hilo. Lakini muulize mama aliyezalia katika kambi. Atakujibu: «Kampuni njo ilikuwa baba yetu.» Mtu wa historia Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu katika 2001 juu ya watoto hawa wa Shaba walioachwa na baba yao, na neno «baba» pale lina maana mbili: baba wa nyumba, na kampuni.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, halijaangaliwa vizuri. Katika miaka ya 1920 mji ulikuwa na vyama vya watu wenyewe. Vile vya Mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Afrika ya Mashariki na kuingia mpaka Katanga, vilicheza siku ya mapumziko, lakini pia vilimsaidia mwanachama na kumzika. Vyama vya watu wa kabila moja vilifuata nyuma, na hizi «mutuelle» za leo ni wajukuu wao. Kwa nini kumzika? Kwa sababu mtu aliogopa kufa mbali na kwao bila mtu wa kumlilia. Hospitali ilikuwa kazi ya kampuni. Kilio kilikuwa kazi yetu. Basi sheria za vyama vyetu ziliandikwa namna ile: sanduku, unga wa kilio, hema, gari la kwenda makaburini. Ugonjwa wa mtoto haukuingia, sababu ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe akaanguka. Serikali ilikuwa imechukua kampuni mwishoni mwa 1966, na ikawa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka katika 1990, uporaji ukafuata katika 1991, na katika 1994 shaba haikufika hata tani 50.000. Posho ilikatika, mishahara ikawa deni. Katika 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka kwa ule mpango walioita wa hiari (hiari gani, mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara?). Kampuni iliacha kulipa hospitali, lakini vyama vyetu havikubadilisha sheria.

Tuseme yale tuliyoyaona wenyewe. Mama mmoja alitoka upande wa Kasenga, zaidi ya kilometa 200, na mtoto wa miaka sita mwenye kuvimba taya. Ilikuwa ile kansa inayoitwa Burkitt, kwa jina la muganga aliyeieleza Uganda katika 1958. Inakua haraka sana, lakini inasikia dawa haraka pia. Baada ya juma la kwanza taya lilishuka, mtoto akaanza kuomba bukari. Mama alifurahi. Lakini alikuwa analala chini, anakula mabaki ya sahani ya mtoto, na nyumbani aliacha wengine wanne. Wamama wa shirika la kanisa walimletea sombe na samaki mara mbili kwa juma, sabuni pia. Wale wa Kipendano, Wametodisti, walimpa kitenge, hata kama hakuwa mtu wa kanisa lao. Ilikuwa vizuri, lakini haikutosha tiketi wala dawa ya mara ya tatu.

Tulikwenda kwa chama cha watu wa kwao. Mweka hazina alitupokea kwa heshima, akafungua daftari, akasema: «Bandugu, artikle ya mutoto mugonjwa haiko. Iko ya kilio tu.» Hakuwa mtu mubaya. Alisoma kilichoandikwa.

Mama alirudi Kasenga na mtoto, sababu taya lilionekana limepona na feza imekwisha. Baada ya miezi mitatu uvimbe ulirudi. Walipofika tena mjini, muganga hakuweza kitu. Siku ya kilio chama kilikuja chote: mifuko ya unga, hema, sanduku zuri lenye kitambaa cheupe, gari mbili. Tulihesabu kimya kimya, kando ya moto. Feza ya siku zile mbili ilipita ile iliyokosekana kwa dawa na njia.

Wengine watasema kansa ya mtoto haiponi hata ukilisha mama. Si kweli. Kule Blantyre, nchini Malawi, waganga walitibu Burkitt hii kwa dawa chache za siku 28, na karibu nusu ya watoto walipona. Lakini ilibidi mtoto abaki mpaka siku ya mwisho, na kubaki huko ni unga, makala, na tiketi ya kurudi.

Baada ya kilio kile tulikaa na chama, mkutano wa saa tano, na maneno makali. Wazee wawili waliondoka kabla ya mwisho. Walisema ukianza kutoa kwa wagonjwa, siku ya kufa kasha litakuwa tupu, na aibu itakuwa ya wote. Hatuwacheki, ile aibu tunaijua. Mwishoni artikle mpya iliandikwa: sehemu ya tatu ya kila mchango wa kilio inabaki kwa mama mwenye kulala hospitali na mtoto zaidi ya juma moja. Tulinunua pia sufuria mbili na mbabula moja ya kuazima. Makala bado ni mashindano: nani anayabeba mpaka hospitali, na nani anayalipa wakati wa mvua.