Mshipi, Dema na Elimu ya Mvuvi

Tunapotaja utamaduni wa Taifa, mara nyingi fikra zetu huelekea kwenye ngoma, nyimbo, mavazi na masimulizi ya wazee. Si kosa kufikiri hivyo. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mwezi Desemba 1962, ngoma na nyimbo zilizodharauliwa wakati wa ukoloni zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyatilia mkazo. Lakini utamaduni ni mpana kuliko ngoma. Namna watu wanavyojitafutia chakula, vyombo wanavyovitumia, na jinsi mzee anavyomrithisha kijana maarifa ya vyombo hivyo, yote hayo ni utamaduni. Katika insha hii tunakusudia kueleza maarifa ya wavuvi wa pwani ya Dar es Salaam, hususan wale wavuao chewa kwa mshipi. Tutaonyesha kwamba chombo cha uvuvi ni bure kikikosa elimu ya kukitumia, na kwamba chombo kisichohitaji elimu yoyote huleta maangamizi.

Mtu anayepita leo katika mitaa ya Mchafukoge, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja na maduka ya Kariakoo, huona vitambaa, mabati, redio na misururu ya magari. Ni vigumu kwake kukumbuka kwamba bahari iko mwendo wa kama nusu saa tu kwa miguu, na kwamba mji huu wote ulitanguliwa na kijiji cha wavuvi. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wake kando ya bandari, kijiji cha Mzizima kilikuwapo tayari, na watu wake walilima na kuvua. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, mji ulikua na kuwasukuma wavuvi pembeni. Baadaye, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918 kikaacha jina lake Kariakoo. Majina yakabadilika na nyumba zikaongezeka, lakini kitoweo cha mji kiliendelea kutoka baharini, na kinatoka huko hata sasa.

Uvuvi wenyewe ni mkongwe kuliko mji huu. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, yaani mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, kiliandikwa yapata katikati ya karne ya kwanza. Humo imeelezwa habari ya kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wataalamu wamekilinganisha na Unguja, Pemba au Mafia. Mwandishi anasema kwamba watu wa huko walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo, na kwamba walitega kwa vikapu kwenye milango ya maji. Msomaji aliyewahi kuona dema likitoswa karibu na mwamba hatakosa kustaajabu. Miaka elfu mbili imepita, na kikapu kingali majini.

Na tulitazame dema hilo. Hufumwa kwa fito au mianzi iliyopasuliwa, likawa na matundu mengi madogo. Mlango wake ni mpana kwa nje, kisha huzidi kuwa mwembamba kuelekea ndani, hata samaki akiingia haoni njia ya kutokea. Lakini matundu ya ubavuni huwaachia vidagaa na samaki wachanga wapite. Ukubwa wa tundu ni hukumu iliyopitishwa na vizazi vingi: huyu aliwe leo, yule angoje. Mfumaji hakuandika hukumu hiyo mahali popote. Imo mikononi mwake, naye aliipata kwa babu yake.

Mshipi nao una historia yake. Zamani ulisokotwa kwa nyuzi za pamba au za mimea, na ulihitaji kuanikwa kila siku usije ukaoza. Nailoni, iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1938, ilienea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, ikawafikia wavuvi wetu pia. Nailoni haiozi upesi, haionekani sana majini, na uzi mwembamba wake hubeba samaki mzito. Kilichobadilika ni uzi. Ujuzi wa kuushika haukubadilika. Jambo hilo sisi tulilijua kwa gharama yetu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa makarani vijana watatu, tukipanga chumba kimoja Mchafukoge. Mshahara wa karani haukufika mwisho wa mwezi, na kitoweo kilikuwa ghali. Mvuvi mmoja mzee wa Magogoni alikubali kutuchukua katika ngalawa yake siku za Jumapili, kwa sharti kwamba tupige makafi na kufua maji. Tulikwenda dukani kwa furaha, tukanunua mshipi mnene kuliko wote na ndoana kubwa kuliko zote. Tulidhani kwamba samaki mkubwa anataka chombo kikubwa, na basi.

Siku ya kwanza hatukupata hata kibua. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yalikuwa yakienda kwa nguvu, na mkondo uliuchukua mshipi wetu mnene ukauweka mbali na ngalawa, ndoana ikielea katikati ya maji bila kufika chini. Mzee alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Wanangu, mmenunua mshipi au mmenunua kamba ya kufungia ng'ombe?" Hapo ndipo alipotueleza somo la kwanza: vifaa havichaguliwi dukani, huchaguliwa na maji. Uzi mnene hushikwa na mkondo; uzi mwembamba huukata. Tena siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mkondo hulegea na mshipi hushuka wima. Hizo ndizo siku za kuvua kwenye kina. Siku za bamvua, maji yakupwapo mbali, zinafaa kwa kutafuta pweza miambani na kwa kuvua kwa uzio.

Jumapili nyingine tulikuja na mshipi mwembamba na chambo cha ngisi. Chewa alikula, tukahisi uzito wake mkononi, tukashangilia. Kabla hatujamaliza kushangilia alikuwa ameingia pangoni, na mwamba ukaukata mshipi. "Mmemngoja akafika nyumbani kwake," alisema mzee. "Samaki akifika kwake yeye ndiye mwenye nyumba, na mgeni ni wewe." Chewa si samaki wa kukimbia mbio ndefu kama nguru. Hukaa mlangoni mwa pango lake akivizia, hufumbua kinywa ghafula na kufyonza windo lake, kisha hurudi ndani na kutanua matamvua yake, akakwama kama kabari. Kwa hiyo mvuvi hana budi kuvuta pima mbili tatu za mwanzo bila kusita, samaki angali nje. Na kama ameshaingia, kumvuta kwa nguvu ni kuupoteza mshipi. Dawa yake ni kuulegeza kabisa na kungoja kwa subira, mpaka chewa adhani hatari imepita na kutoka mwenyewe.

Kosa letu la tatu lilikuwa la chubwi. Tulifunga risasi nzito kwa uzi ule ule madhubuti, ikanasa katika mwamba, tukapoteza risasi, ndoana na mshipi kwa pamoja. Mzee alitumia jiwe la kawaida, akalifunga kwa uzi dhaifu uliochakaa. Jiwe liliponasa, uzi ule ulikatika, jiwe likabaki na mshipi ukapanda salama. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Sisi tulikuwa tukiitaja methali hiyo katika barua na mashairi kama onyo. Kwa mzee ilikuwa mbinu: alipachagua mwenyewe pale pembamba, ili ipotee mali isiyo na thamani.

Lakini elimu iliyotustaajabisha zaidi ilikuwa ile ya kuupata mwamba wenyewe. Bahari haina mitaa wala namba za nyumba. Mzee alitazama nchi kavu: mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya miaka 1897 na 1902, ulipokaa sawa na mti fulani aliouchagua, alijua yuko kwenye mstari mmoja. Kisha alisogeza ngalawa mpaka ncha ya kisiwa cha Makatumbe ilipolingana na alama nyingine ya upande wa Kigamboni. Mistari miwili ilipokatana, alitosa nanga. Mwalimu wa hesabu ataitambua mara moja jiometri iliyomo humo. Mzee alikuwa na alama za namna hiyo kwa miamba mingi, zote kichwani, na hakuwa amepita darasa la pili. Tena hakurudi kwenye mwamba mmoja safari mbili mfululizo. Alisema jiwe nalo hupumzishwa.

Sayansi ya leo inampa haki. Wataalamu wamegundua kwamba chewa wa aina nyingi huanza maisha yao wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Basi mwamba ukiondolewa wakubwa wote kwa mara moja, wanaobaki hukosa madume wa kutosha. Mwaka 2006, watafiti waliochunguza Bahari ya Shamu walieleza kwamba chewa humwendea mkunga pangoni, hutikisa kichwa kumwita, kisha huwinda pamoja, mmoja akiwa nje na mwingine akipenya nyufani. Hatusemi kwamba wavuvi wa kale hawakukosea. Wapo waliotumia utupa, ambao hulevya wakubwa na wachanga bila kubagua. Tunachosema ni kwamba mvuvi anayerudi kwenye mwamba ule ule kwa miaka hulazimika kuyaona makosa yake, na akiyaona hujirekebisha.

Baruti haina sharti hilo, na ndiyo maana tunaihesabu kuwa adui wa utamaduni pia, si adui wa samaki tu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, na Sheria ya mwaka 2003 ikalikazia katazo hilo. Hata hivyo milipuko ilisikika katika pwani yetu kwa miongo mingi. Mwenye baruti hahitaji kujua bamvua wala maji mafu, chambo wala pango. Hurusha, huokota vinavyoelea, akaondoka. Na sehemu kubwa ya waliokufa huzama. Matumbawe yaliyovunjika huchukua miaka mingi kurudia hali yake, na pengine hayarudi.

Asubuhi moja tulisikia mshindo mbele yetu, maji yakatetemeka chini ya ngalawa. Tulipofika kwenye mwamba wa mzee, tulikuta vidagaa vyeupe vimetapakaa juu ya maji. Mzee hakutosa nanga. Alikaa kimya, kisha akasema, "Hapa hapana la kujifunza tena," akageuza tanga. Tulirudi mikono mitupu. Na inatupasa tukiri jambo moja. Samaki wa baruti nyama yake hulegea, mifupa yake huvunjika na damu huvilia tumboni, lakini bei yake huwa nafuu. Kabla ya kumjua mzee yule, na hata mara moja mbili baadaye, fedha zilipotuishia, tulinunua samaki wa namna hiyo sokoni na kuwapika chumbani kwetu bila kuuliza. Mrusha baruti asingerusha kama makarani wasingenunua.

Tangu wakati huo yamefanyika mengi. Hifadhi za visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, zilizotangazwa mwaka 1975, zilipata nguvu zaidi kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994. Soko jipya la samaki lilifunguliwa Magogoni mwaka 2002. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 msako dhidi ya baruti ulikazwa, na milipuko ikapungua sana. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini sheria huweza kuulinda mwamba; haiwezi kumfundisha kijana kuupata. Mzee wetu amekwisha kufariki. Mnara aliokuwa akiutazama ungali umesimama, ila maghorofa yameuzunguka, na kutoka baharini ni shida kuutambua. Alama nyingine zilikuwa miti, nayo imekatwa. Miamba aliyoijua ipo chini ya maji, na njia za kuifikia alikwenda nazo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa historia, jiografia na Kiswahili wasiwaache wanafunzi wao waihesabu Feri kuwa mahali pa kununulia samaki tu. Wawapeleke asubuhi na madaftari yao. Wawaulize wavuvi majina ya samaki, ya pepo, ya maji na ya vifaa. Waulize ni kosa gani lililowafundisha kila mbinu. Wachore alama za nchi kavu kabla majengo hayajazificha zote. Mwanafunzi atakayerudi na maneno ishirini ya uvuvi aliyoyasikia kwa masikio yake, na maana zake, atakuwa ameongeza kitu katika hazina ya lugha ya Taifa. Na akiuziwa samaki mlaini kwa bei ya chini kupita kiasi, atajua swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha.