Jiwe la Mikindani, Mwamba wa Mnazi

Kuta za mji wa Mikindani zilitoka baharini. Hapo, kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, waashi wa zamani walipanga mawe ya matumbawe na kuyashikanisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe vilevile. Tanuru lilikuwa rundo la magogo yaliyopangwa duara. Matumbawe yalipandishwa juu yake, moto ukawashwa, kisha matumbawe yaliyoungua yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike. Tanuru moja lilikula kuni nyingi, na miti ya jirani ilikuwa mikoko. Kila nyumba ya mawe, basi, ilimeza kipande cha mwamba na kipande cha msitu.

Utajiri uliojenga nyumba hizo ulikuwa na damu ndani yake. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilileta pembe za ndovu na watumwa hadi pwani hii. David Livingstone, aliyekuwa adui wa biashara ya watumwa, alishukia hapo Machi 1866, kwa kuwa mikoko ya mlango wa Ruvuma haikumpa pa kuteremshia ngamia wake. Mwaka 1888 wenyeji waliwafukuza mawakala wa kampuni ya Kijerumani. Wajerumani wakarudi na askari, na mwaka 1895 Boma lao likasimama kilimani, juu ya ghuba.

Kilichouokoa mji huu baadaye ni kuachwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulihitaji bandari ya kina kirefu. Bandari ikajengwa Mtwara, na shughuli zikahamia huko. Mikindani hapakubaki mtu mwenye fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya. Lakini fedha za kuezeka nazo hazikuwepo, na ukuta wa matumbawe usio na paa hauvumilii masika. Boma lenyewe lilikuwa gofu mpaka shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli.

Ukielekea kusini, hadi Msimbati na Ghuba ya Mnazi, unafika kwenye chimbuko la uhai wa matumbawe ya pwani hii. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki hugonga Afrika karibu na hapa, ukagawanyika kwenda kaskazini na kusini, ukiwa umebeba mabuu ya matumbawe na mayai ya samaki. Ndiyo maana wataalamu wamehesabu humo aina zaidi ya 250 za matumbawe magumu. Baruti za wavuvi ziliyasaga mengi. Mwaka 1998 joto la bahari likapausha na kuua mengine pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Vijiji vya pwani ya kusini vilianza kupigana na baruti katika miaka ya 1990, vikaunda shirikisho lao kabla hifadhi ya bahari haijatangazwa. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, chini ya sheria ya 1994, ikiwa na kilomita za mraba 650 hivi. Ndani yake wanaishi watu: wavuvi, wakulima, akina mama wanaokwenda pwezani maji yakitoka. Visima vya gesi, iliyogunduliwa 1982, navyo vimo humohumo.

Tatizo la leo ni hili. Saruji huiharibu nyumba ya matumbawe, kwa sababu hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta hadi ukapasuka. Anayeikarabati kwa haki hutumia chokaa. Chokaa hiyo ikichomwa kwa matumbawe ya Ghuba ya Mikindani, kama ilivyofanyika miaka mingi, urithi mmoja unaokolewa kwa kuua mwingine. Na hakuna ulazima. Mawe ya chokaa yapo nchi kavu. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza kazi Mtwara mwaka 2015, kinayachimba kwa wingi. Wenye nyumba za kale Mikindani, na wanaowafadhili, wadai chokaa ya mawe hayo, na wenye mamlaka juu ya mambo ya kale na wale wa bahari wakae meza moja kuhakikisha inapatikana kwa bei ya mwananchi.