Chris Blackwell

Chris Blackwell (alizaliwa London, Uingereza, 22 Juni 1937) ni mtayarishaji wa muziki na mwanzilishi wa lebo huru ya Island Records. Alikulia Jamaika, mama yake akitoka familia ya huko. Siku moja akiwa kijana boti yake iliishiwa mafuta; alitembea juani kutafuta msaada mpaka nguvu zikamwishia, akaokolewa na Marasta, wafuasi wa imani ya Rastafari, waliompa maji na kumtunza. Tangu hapo aliwaheshimu watu ambao wengi kisiwani waliwaogopa.

Alianzisha Island mwaka 1959 na kuihamishia London mwaka 1962. Santuri za Jamaika alizipakia kwenye gari lake dogo na kuzipeleka mwenyewe madukani, kwenye mitaa ya wahamiaji wa Karibi. Wimbo “My Boy Lollipop” wa mwimbaji Millie Small, mwaka 1964, ulimfungulia milango.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1972, alipowapa The Wailers, kundi la Bob Marley, pauni 4,000 warekodi albamu, ingawa wengi walimwonya kwamba fedha hizo zingeliwa bure. Wakarudi na kanda za “Catch a Fire”. Blackwell aliongeza gitaa na kinanda mjini London ili kuwavuta wasikilizaji wa roki, uamuzi unaobishaniwa hadi leo; lakini bila huo Bob Marley huenda angechelewa sana kujulikana duniani.

Baadaye Island iliingia mkataba na bendi ya U2 na, kupitia lebo yake tanzu ya Mango, na mwanamuziki King Sunny Adé wa Nigeria. Blackwell aliiuzia PolyGram lebo hiyo mwaka 1989, akaondoka mwaka 1997.