Gurnah na Urithi wa Kiswahili Ughaibuni
Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko alitunga kwa Kiingereza, ingawa lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Riwaya yake Paradise (1994) yasimulia msafara wa biashara utokao pwani kwenda bara. Misafara ya namna hiyo ilichangia kukifikisha Kiswahili mashariki ya Kongo, ambako Luvungi, kwa mfano, husemwa pamoja na Kifuliiru. Gurnah alitunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka 2022 ikachapishwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Wasomaji wa Kiswahili walikuwa wamengoja miaka 28. Ubunifu wa mhamiaji, basi, haukuukata urithi; lakini bila mfasiri usingewarudia wenyewe.