Ziara za soka Kariakoo: Namna ya kupata basi lisilowaacha wazee na wenye ulemavu

KIJANA aliyekuwa na umri wa miaka 20 Simba ilipoifunga Yanga mabao 6-0 mwaka 1977, leo anakaribia miaka 70. Yule wa umri huo aliyeiona Yanga ikishinda 5-0 mwaka 1968 amekwishapita miaka 75.

Hao ndio wenye historia ya soka la Dar es Salaam vichwani mwao. Hao pia ndio wanaobaki nyumbani pindi basi la ziara linapowasili likiwa na ngazi ndefu na mlango mwembamba.

Tanzania, Kenya na Uganda zilicheza fainali za CHAN kwa uenyeji wa pamoja Agosti 2025, na mwaka 2023 zilikuwa zimekwishapewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wageni watakaotaka kuona chimbuko la watani wa jadi hawatakosekana, na miongoni mwao watakuwamo wanaotumia viti mwendo, magongo au fimbo nyeupe.

Njia ya ziara yenyewe si ndefu. Huanzia kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, yalipo makao makuu ya Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935. Hufuata Mtaa wa Msimbazi, makao ya Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 na kubadili majina, likiwamo la Sunderland, hadi ilipoitwa Simba mwaka 1971. Baada ya hapo ni Uwanja wa Karume, Ilala, kisha Uwanja wa Uhuru, ambako Simba ilipoteza fainali ya Kombe la CAF kwa Stella ya Abidjan mwaka 1993, na jirani yake Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000.

Ugumu uko kwenye gari. Mabasi mengi ya kukodi, koasta zikiwamo, hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kupanda ngazi. Mwenye gari akiulizwa hujibu kwamba "vijana watambeba". Jibu hilo lisikubaliwe. Kumbeba mtu mzima mlangoni kunamvunjia heshima, na kunaweza kumvunja mgongo yeye au anayembeba.

Wapo wanaodhani ubao uliolazwa mlangoni unatosha. Kipimo kinachotumika sana kwa njia mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Sakafu ya basi ikiwa sentimita 70 juu ya barabara, ubao huo utahitaji urefu wa mita 8.4, na hakuna mtaa wa Kariakoo utakaouvumilia. Kwa hiyo linalotakiwa ni gari lenye lifti, au lenye sakafu ya chini.

Kabla ya kulipa, mwandaaji aende kuliona gari kwa macho yake. Apime upana wa mlango kwa futi kamba, kisha alinganishe na kiti mwendo kipana kuliko vyote vitakavyopanda. Aombe lifti ishushwe na kupandishwa mbele yake, kwa kuwa lifti iliyokaa mwaka mzima bila kutumika inaweza kukwama siku ya safari. Ndani ya gari kiti mwendo hufungwa sakafuni kwa mikanda minne, na aliyekikalia hufungwa mkanda wake mwenyewe. Mkanda mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili.

Aidha, aulize leseni. Mabasi ya biashara, yakiwamo ya kukodi, yako chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Gari la lifti likikosekana, njia mbadala ni kuigawa safari. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana vituo vilivyoinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, na njia yake mojawapo huishia Gerezani, Kariakoo. Hata hivyo, msongamano wa asubuhi na jioni haumfai mwenye kiti mwendo. Saa nne hadi saa sita mchana ni afadhali.

Mahali pa kushukia panahitaji kufikiriwa kuliko hata gari. Sehemu ya Mtaa wa Msimbazi ina njia maalumu za mabasi yaendayo haraka, na gari jingine haliruhusiwi kuzitumia. Mitaa mingine hujaa mikokoteni, meza za wamachinga na mitaro iliyo wazi. Lifti ya gari hushukia ubavuni au nyuma, na huhitaji nafasi ya kutosha kiti kugeuka.

Siku inayofaa ni Jumapili asubuhi, maduka mengi yakiwa yamefungwa. Mwandaaji apite njia yote kwa miguu wiki moja kabla, na azungumze mapema na Halmashauri ya Jiji na polisi wa usalama barabarani kuhusu mahali basi litakaposimama. Wakati wa masika aliangalie pia bonde la Jangwani, ambalo hufurika na kufunga barabara.

Majengo ya klabu zote mbili ni ya ghorofa. Barua ya kuomba kutembelea iseme wazi idadi ya wageni wasioweza kupanda ngazi, ili mazungumzo na picha vifanyike chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kuyafikia majengo na huduma za umma, na si vibaya barua ikaitaja.

Choo nacho kisisahaulike. Wazee wengi hukataa safari kwa sababu hiyo tu, ingawa hawaisemi. Kijulikane mapema kilipo, upana wa mlango wake na kama kina ngazi, kisha ratiba ipangwe kukizunguka.

Viziwi watahitaji mkalimani wa lugha ya alama, naye akae mbele wanakoweza kumwona. Ama kuhusu kuwachanganya wazee wa Jangwani na wa Msimbazi ndani ya basi moja, mwandaaji atenge muda wa ziada: kila kituo kitakuwa na matoleo mawili ya historia, na hakuna upande utakaokubali kushuka kabla ya kumaliza la kwake.