Mashineni: jinsi mashine ya kusaga ilivyokuza makazi ya vijijini Ilula

Ukitoka Morogoro kwa barabara kuu, kilomita zipatazo 45 kabla ya Iringa mjini, unapita Ilula, Wilaya ya Kilolo. Wasafiri wengi wanaifahamu kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Lakini ukiingia vijijini, si ajabu kuelekezwa hivi: "Ukifika mashineni, kata kushoto." Katika makala haya tunaeleza kwa nini mashine ya kusaga huwa kitovu cha makazi, na inavyohusiana na afya ya watoto wa Iringa.

Kabla ya mashine

Zamani unga ulitokana na kinu na mchi, au jiwe la kusagia. Kutwanga, kupepeta, kuloweka, kuanika na kusaga zilikuwa kazi za wanawake na wasichana, juu ya shamba, maji na kuni.

Kaya zilizotawanyika hazikuweza kuipa mashine moja mzigo wa kutosha. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, pamoja na Sheria ya Vijiji ya 1975, ilikusanya watu mahali pamoja, mara nyingi bila hiari yao. Mahali penye kaya mia kadhaa, injini ya dizeli sasa ilipata kazi ya kila siku.

Kwa nini watu hujenga karibu

Mashine inahitaji njia ya kupitisha mafuta na vipuri, fundi wa kuitengeneza, na wateja. Wateja nao hupanga foleni, na anayesubiri hununua chumvi, sabuni au chai. Ndipo huja duka, mgahawa, fundi baiskeli, na hatimaye gulio. Pumba nazo hazitupwi: hulisha kuku na nguruwe. Foleni ni mahali pa habari pia, za bei, misiba na mikutano ya kijiji.

Injini ikiharibika, kijiji kizima husikia. Wanawake hubeba debe la mahindi kichwani hadi kijiji jirani, au hurudia kinu.

Hali hiyo imepungua baada ya umeme kufika. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya 2005, umefikisha nyaya katika vijiji vingi nchini. Mota ya umeme haihitaji dizeli, hivyo kijiji kilichokuwa na mashine moja sasa kinaweza kuwa na kadhaa.

Sembe, dona na watoto

Kuna jambo linalotia uchungu. Iringa hulima mahindi kwa wingi, lakini Utafiti wa Afya na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini.

Udumavu una sababu nyingi: mlo wa aina moja, maradhi, maji yasiyo safi, na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara. Mashine hugusa sababu mbili kati ya hizo. Kwanza, humrudishia mama saa zake. Pili, huamua unga utakuwaje. Mahindi yakikobolewa kupata sembe, ganda na kiini huondoka pamoja na sehemu kubwa ya madini, vitamini na mafuta. Dona hubaki navyo, ila haikai muda mrefu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha.

Viwanda vikubwa hurutubisha unga kwa madini ya chuma, zinki na vitamini. Mahindi ya kijijini kwa kawaida husagwa bila nyongeza hiyo, ingawa vipo vifaa vya kuongeza virutubishi vinavyofungwa kwenye mashine ndogo.

Kwa familia, hatua iliyo karibu ni kusaga dona kidogo kidogo, na kuila pamoja na maharage, dagaa, mayai na mboga. Kwa viongozi wa kijiji, kama kuna ujumbe wa lishe wa kufikisha, foleni ya mashineni ina wasikilizaji tayari. Wengi wao ni wale wale watakaopika ugali jioni.